Wiki ya Thelathini na Moja

Mtu wa koti la kijivu alikuwa amemtangulia. Kuramochi Tamae alimwona tangu mlangoni, amechuchumaa mbele ya kapu la mikweche, anainua lenzi moja moja, anasoma jina lililoandikwa mbele, kisha anaiweka upande. Kulia kwake tayari palikuwa na lenzi kumi na moja. Zote ziliandikwa jina moja: Norvane.

Kuramochi alichomeka mwavuli kwenye ndoo, akapanguza miwani. Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, mvua ya mwezi wa sita inapiga kwenye paa la barabara ya maduka ya Nakano. Alikuwa na siku mbili.

"Karibu, Bi Kuramochi," alisema Mzee Dobashi, mwenye duka hilo la kamera kuukuu, bila kuinua macho kwenye kamera aliyoifungua tumbo. "Leo kapu langu lina wapenzi. Miezi sita halijaguswa na mtu."

"Mvua inaleta watu."

"Mvua inaleta kuvu. Watu wanaletwa na kitu kingine."

Mtu wa koti la kijivu aligeuza shingo kidogo, akamtazama Kuramochi viatu, mfuko, uso, kwa utaratibu huo. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Kuramochi akachuchumaa ng'ambo ya pili ya kapu.

Ijumaa saa sita mchana ndipo muda uliotolewa na mahakama ulipokuwa unaisha. Baada ya hapo ombi la Tsukuda Eiji, la kutaka kesi yake isikilizwe upya, lingefungwa. Tsukuda alikuwa na miaka themanini na moja, amelazwa hospitali ya Kawagoe, anapumua kwa mpira wa oksijeni, hawezi tena kusema. Asingekuwapo kuomba mara ya pili.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, kama zilivyo fupi kesi nyingi za watu wa chini. Tarehe tatu Oktoba 1981, ghala la kiwanda cha lenzi cha Nagusa, huko Itabashi, liliungua na mlinzi akafia ndani. Tsukuda alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Picha moja ilimwonyesha kwenye geti la ghala, amebeba debe la mafuta ya taa. Msimamizi wa kiwanda, Iwamuro, aliapa kwamba aliipiga mwenyewe jioni ya siku ile ile, kutoka juu ya paa, kwa lenzi yake ya kuvuta vitu vya mbali, aliyonunua kiangazi. Tsukuda alisema picha ni ya wakati wa baridi, siku za mgomo, alipokuwa anawapelekea wenzake mafuta ya jiko. Koti la kazi lilikuwa lile lile mwaka mzima. Alisema hivyo siku ya kwanza, akasema siku ya mwisho, akafungwa miaka kumi na tisa.

Lenzi ilikabidhiwa polisi tarehe kumi na mbili Novemba. Karani akaandika: lenzi moja ya kuvuta, milimita themanini hadi mia mbili, nambari 54131207. Jina hakuandika. Baada ya hukumu Iwamuro alirudishiwa. Mwaka jana alikufa, na mjane wake akauza masanduku mawili ya vikorokoro kwa Mzee Dobashi. Mwanawe, ambaye leo ana majengo nusu ya mtaa wa Hasune, alipopata habari alipiga simu dukani mara tatu. Mara ya nne alimtuma mtu mwenye koti la kijivu.

"Usijisumbue, dada," alisema mtu huyo, kwa sauti ya mtu wa benki. "Nalinunua kapu zima."

"Kapu haliuzwi zima," alisema Dobashi.

"Nitalipa mara mbili."

"Hata mara tano. Kapu lina sheria yake, ipo pale ukutani, nimeiandika mwenyewe kwa brashi. Kilicho mkononi ni cha mwenye mkono. Kilichowekwa chini ni cha yeyote. Hii ya kuja na gari na kuzoa itanifukuzia watoto wa shule na wastaafu, halafu nitamuuzia nani mikweche?"

Mikono ya mtu wa koti ikaongeza kasi.

Alikuwa anatafuta jina, na hapo ndipo alipokuwa amekosea. Nagusa hakikuwahi kuuza lenzi kwa jina la Nagusa. Kilitengenezea wafanyabiashara wanane wa ng'ambo, kila mmoja na jina lake la kuvutia, na miongoni mwa hao wanane hakuna hata mmoja aliyewahi kukaza skrubu. Norvane ndilo lililopata sifa. Mengine saba yaliuzwa kwa katalogi, pamoja na mablanketi na sufuria. Ndani ilikuwa lenzi moja, vioo vile vile, mikono ile ile. Mbele palifungwa pete ya jina, na jina likawa ndilo lililotengeneza.

Kuramochi hakusoma mbele. Alizipindua lenzi kichwa chini, akasoma nambari iliyochorwa nyuma, karibu na shingo inayoingia kwenye kamera. Tarakimu mbili za kwanza ni kiwanda, ya tatu ni ya mwisho ya mwaka, mbili zinazofuata ni wiki. Hamsini na nne ndiyo Nagusa.

Ya kwanza: kumi na tisa. Siyo. Hata hivyo aliipima kama mnunuzi yeyote, kwa sababu mtu wa koti alikuwa anatazama mikono yake. Aliielekeza chini, bomba la kuvutia likateleza lenyewe hadi mwisho, imechoka. Ya pili: sitini na moja. Alimulika tochi upande wa nyuma, kuvu lilikuwa limetanda kwenye kioo cha ndani kama utando wa buibui. Ya tatu ilikuwa ya Nagusa, lakini ya 1979. Ya nne vibamba vyake vya kufungua na kufunga kitundu cha mwanga vilikuwa vimelowa mafuta, vinafunga polepole kama mlango wa ofisi ya serikali.

Ya tano ilikuwa nzito. Mbele iliandikwa Belcourt, jina la katalogi, na mtu wa koti alikuwa ameshaitupa upande wake wa kushoto bila kuitazama mara mbili.

54131207.

Mkono wa Kuramochi haukusimama. Aliielekeza chini, bomba halikuteleza. Akamulika, vumbi kidogo, kioo safi. Akatazama upakaji wa kioo cha mbele, zambarau na kijani, bila mkwaruzo. Kisha akasukuma kipini cha nyuma kwa ukucha, vibamba vikafunga papo hapo, naye akahesabu pembe za kitundu.

Hilo ndilo lililokuwa limemleta. Katika picha ya Tsukuda jua lilikuwa nyuma ya geti, na limeacha madoa ya mwanga yanayopita katikati ya picha. Madoa hayo huchukua umbo la kitundu cha lenzi. Yalikuwa na pembe sita. Kama lenzi hii ingekuwa na pembe tano, au nane, basi siyo iliyopiga picha ile, na kiapo cha Iwamuro kingekwisha hapo. Wakili aliyemtuma alikuwa amejenga ombi zima juu ya tumaini hilo.

Sita.

Akahesabu tena kuanzia upande mwingine. Sita.

"Umepata unachopenda?" aliuliza mtu wa koti.

"Naangalia tu. Nyingi zina kuvu."

"Hiyo je?"

"Hii ina uzito. Nina mlango nyumbani haukai wazi."

Dobashi alicheka puani. Mtu wa koti hakucheka. Alisimama, akanyoosha koti, akatoa kijaluba cha ngozi mfukoni.

"Samahani, nimekosa adabu. Sijajitambulisha."

Akainama, na kwa mikono miwili akanyoosha kadi ya jina juu ya kapu. Shirota, iliandikwa, Ofisi ya Majengo ya Iwamuro. Kadi ikabaki hewani inangoja.

Mtu aliyekulia Tokyo hupokea kadi kwa mikono miwili. Mikono huenda yenyewe kabla kichwa hakijaamua. Kuipokea kwa mmoja ni kumtemea mtu usoni; na lenzi ilikuwa katika mkono wa kulia, na kapu lilikuwa hapo hapo chini, wazi, na sheria ilikuwa ukutani. Shirota alikuwa ameisoma. Aliendelea kuinama.

Kuramochi aliibana lenzi kwapani, kama mtu anayejipima homa. Akapokea kadi kwa mikono miwili, akainama sawasawa na yeye, akaisoma yote, jina na anwani na nambari ya simu.

"Nimefurahi kukufahamu, Bwana Shirota."

"Ile sheria," alisema Shirota kwa Dobashi, "inasema mkononi."

"Kwapa limeota wapi, kwenye mguu?" alisema Dobashi. "Bi Kuramochi, leta nikuandikie risiti."

Aliandika risiti kwa kalamu, nambari nzima ya lenzi, tarehe na saa. Kisha, kabla ya kuombwa, akafungua daftari ambalo wauza vitu vilivyotumika hulazimika kuliweka, akatoa nakala ya ukurasa wa siku aliyonunua masanduku: jina la mjane, anwani, sahihi yake. Akapiga muhuri.

"Watu hunicheka kwamba naandika hata mikweche," alisema. "Umepata ulichotaka?"

"Nimepata lenzi. Nilichotaka sijakipata. Ina pembe sita."

"Na wiki?"

"Thelathini na moja. Hiyo tulijua. Upande wa mashtaka walimleta mtaalamu, mkusanyaji wa lenzi mwenye orodha ndefu mtandaoni. Akasema wiki ya thelathini na moja ni mwanzo wa Agosti. Lenzi ilikuwapo miezi miwili kabla ya moto. Kwa hiyo Iwamuro alisema kweli."

Dobashi alifunga daftari. "Mkusanyaji," alisema, kama mtu aliyeonja chai iliyopoa. "Hamkupata hata mmoja aliyezitengeneza?"

"Jina moja. Ebihara Fusae. Nimempigia simu mara nne, anakata."

"Basi usipige simu."

* * *

Bafu la umma la Hasune hufunguliwa saa tisa alasiri. Kuramochi alifika saa nane kasoro. Kwenye treni Shirota alikuwa behewa la nyuma, na begi la lenzi kumi na moja miguuni. Kituoni alishuka naye, na sasa alikuwa amesimama chini ya kibaraza cha duka la maharage ng'ambo ya barabara, anaongea na simu.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani mwanamke mfupi wa miaka sitini na sita, mikono imekunjwa hadi viwiko, alikuwa anapanga vibeseni vya kuogea juu ya kaunta.

"Hatujafungua. Saa tisa."

"Sikuja kuoga."

"Basi unauza kitu. Sina haja nacho."

"Ulikuwa Nagusa, mstari wa pili wa kuunganisha. 1977 hadi 1983."

Beseni lililokuwa mkononi halikuwekwa juu ya jingine. "Wewe ndiye wa simu. Jina langu umelitoa wapi?"

"Kwenye orodha ya wanachama."

"Orodha ile walisema imeungua."

"Tsukuda alikuwa na nakala."

Ebihara Fusae aliweka beseni. Alichukua kitambaa, akapanguza mahali palipokuwa pakavu.

"Yuko hai?"

"Kwa leo, ndiyo. Ombi lake linafungwa keshokutwa."

"Unajua jengo hili ni la nani?"

"La mwana wa Iwamuro."

"Mkataba wangu unaisha Agosti. Nimewaogesha watu wa mtaa huu miaka thelathini. Kuna bibi saba hapa wasio na bafu nyumbani kwao. Unanielewa? Mimi sina cha kusema. Nilikuwa nacho mwaka 1981. Tulikwenda kituo cha polisi watu watatu. Aliyetupokea alituuliza nani kati yetu analala na Tsukuda. Hakuuliza kingine. Tukarudi nyumbani."

"Sikuombi useme lolote. Naomba uitazame hii, uniambie kama naona vibaya."

Kuramochi aliweka lenzi juu ya kaunta. Ebihara aliitazama bila kuigusa. Kisha mkono ukaenda. Aliishika kama mtu anavyomshika mtoto wake aliyemkuta kwa watu, akavuta bomba mara moja, akasikiliza.

"Belcourt," alisema. "Asubuhi Norvane, mchana Belcourt, kabla ya kutoka kazini lile la Wajerumani, jina limenitoka. Pete tu hizo. Grisi hii ni ya mstari wetu. Wa kwanza walitia nyingi, zao zinateleza." Akageuza. Kidole gumba kilipita juu ya mpira wa kushikia, kikasimama. Kikarudi, kikapita tena.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ndiyo lenzi aliyoitoa Iwamuro mahakamani. Ndiyo aliyoapa nayo."

"Acha utani."

"Soma nambari."

Aliisoma, ameisogeza mbali na macho kwa urefu wa mkono. Midomo ilikwenda bila sauti. Kisha akatazama juu.

"Na mahakama iliona nambari hii?"

"Iliiona. Wiki ya thelathini na moja, mwaka 1981. Mwanzo wa Agosti."

"Nani kasema Agosti?"

"Mtaalamu."

"Alikuwa mstari gani?"

"Hakuwa Nagusa. Anakusanya lenzi."

"Anakusanya." Ebihara aliweka lenzi chini taratibu. "Wewe ulianza shule mwezi gani?"

"Wa nne. Kama kila mtu."

"Ukaajiriwa mwezi gani?"

"Aprili."

"Na mwaka wa kiwanda, mwaka wa kazi, ulianza mwezi gani?"

Kuramochi aliinua macho. Ukutani, juu ya mzani, palikuwa na kalenda ya chama cha mabafu. Aliisogelea, akatoa kalamu, akaanza kuhesabu wiki kutoka tarehe moja Aprili, mstari kwa mstari, kalamu ikigonga karatasi. Mwezi wa tano. Wa sita. Wa saba. Alifika thelathini, akasimama, akarudia mwezi mzima wa tisa kuhakikisha. Kalenda ilikuwa ya mwaka mwingine lakini siku za miezi hazijabadilika.

"Tarehe ishirini na nane Oktoba," alisema. "Hadi tatu Novemba."

"Ndiyo."

"Moto ulikuwa tarehe tatu Oktoba."

"Najua moto ulikuwa lini."

"Siku ishirini na tano. Lenzi hii haikuwa imezaliwa."

"Watu wa nje huhesabu kuanzia Januari kwa sababu hesabu ya Januari ndiyo iliyo kwenye katalogi za ng'ambo," alisema Ebihara. "Sisi tulihesabu kama shule. Siku ya kwanza ya Aprili tulisimama uani, tukaimba wimbo wa kampuni, na yule wa kuchora nambari akarudisha mashine yake kwenye moja. Kila mfagiaji pale alijua. Iwamuro alijua. Hakuwa na lenzi yoyote, yule. Picha aliitoa kwenye kabati la kampuni, waliyopiga wakati wa mgomo kututisha. Polisi walipoomba lenzi, akashuka chini akachukua iliyokuwa karibu. Nani angejua?"

"Wewe."

"Nani aliniuliza?"

Kuramochi alikuwa ameshatoa daftari. "Neno lako peke yake litapigwa. Watasema ni mwanamke mzee mwenye hasira ya zamani."

"Mimi mzee, na nina hasira. Hayo mawili hayaifuti Aprili."

"Ni kweli. Lakini nahitaji kitu kisichozeeka. Una karatasi yoyote ya kiwanda? Hati ya mshahara, kalenda?"

"Walizichukua zote. Ila gusa hapa." Alimshika Kuramochi kidole, akakiweka kwenye mpira. "Unahisi nini?"

"Vipele vya pembe nne. Kama almasi."

"Mpira wetu ulikuwa wa mistari, kutoka kwa fundi wa Kawaguchi. Akiba ya mwaka mzima ilikaa ghalani. Ghala lile lile. Iliungua yote. Tulikaa bila kazi siku tisa, halafu ukaja huu wa almasi, wa bei chee, ulitukata vidole. Hakuna lenzi ya Nagusa yenye mpira huu iliyotengenezwa kabla ya moto. Huu mpira uko hapa kwa sababu kulikuwa na moto."

Mlango ulisukumwa. Shirota aliingia, mabega yamelowa, begi mkononi.

"Bi Ebihara. Bwana Iwamuro anakusalimu. Ameniomba nikukumbushe habari ya mkataba wa—"

"Vua viatu."

Shirota alitazama chini. Alikuwa amekanyaga sakafu ya mbao na viatu vyake vya mjini, na maji yanachuruzika.

"Mtaa mzima unatembea hapa miguu mitupu. Vua."

Alivua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole. Akavishika viatu mkononi, hajui pa kuviweka, na sauti ya benki ikawa imempungukia.

"Nakushauri tu, mama. Mambo haya ni ya zamani. Mtu mwenye biashara nzuri, wateja wake wanamtegemea, hana sababu ya kujitia katika—"

"Wateja wangu," alisema Ebihara. "Umewataja vizuri. Bibi Kishi, yule wa kona, mumewe ndiye mlinzi aliyeungua. Anakuja hapa kila siku saa tisa na nusu. Miaka thelathini namkabidhi ufunguo wa kabati nikijua aliyemuua mumewe hakufungwa, na aliyefungwa hakumuua. Kila siku. Umeshawahi kumpa mtu ufunguo namna hiyo?"

Ebihara alifungua droo ya kaunta, akatoa kijiti cha mwanzi cha kuchokolea masikio, akakipima kwa kidole.

"Bi Kuramochi, simu yako inapiga picha za kutembea?"

"Inapiga. Unataka kufanya nini?"

"Kuvua mpira."

"Ngoja. Hiki ni kidhibiti. Kikifunguliwa inabidi mtaalamu awepo."

"Mtaalamu gani? Nilivisha mpira lenzi mia mbili kwa siku, miaka sita. Mtaalamu ni mimi. Au mnamngoja yule anayekusanya?"

"Chini ya mpira kuna nini?"

Ebihara alipanguza kijiti kwa kitambaa.

"Alipokamatwa, kulitolewa amri. Atakayetaja jina la Tsukuda kazini, aondoke siku hiyo hiyo. Tulikuwa wasichana kumi na wanne kwenye mstari wa pili. Hatukulitaja. Chini ya mpira chuma hakipakwi rangi, kwa sababu hakuna anayekiona. Na kila mmoja wetu alikuwa na penseli ya kuweka alama." Alivuta pumzi. "Mimi ndiye niliyewaambia waandike. Kama waliandika kwenye zote, sijui. Hatukuulizana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, niliona ni upuuzi hata nilipokuwa nafanya. Lenzi zilikwenda Chicago, zikaenda Hamburg. Watu wamezipigia picha za harusi."

Kuramochi aliisimamisha simu juu ya mrundo wa vibeseni, akaielekeza kaunta. Alitaja tarehe, saa, mahali, majina. Aliionyesha lenzi upande wa nambari, kisha upande wa jina, kisha mpira ulivyokaa. Aliweka risiti ya Dobashi na nakala ya daftari pembeni yake.

"Bwana Shirota, usiondoke hapo, tafadhali. Nilikuwa na shida ya shahidi ambaye si wa upande wangu. Umo kwenye picha, mpaka soksi."

"Sijakubali kupigwa picha."

"Basi toka. Itaonekana ukitoka."

Hakutoka.

Ebihara aliingiza ncha ya kijiti chini ya ukingo wa mpira. Hakulazimisha. Alikizungusha pole pole kuzunguka bomba, kama mtu anayetenganisha mayai ya kukaanga na kikaango, na gundi ya miaka arobaini na miwili ikaachia kwa mlio mdogo wa kukwaruza. Alifika mwanzo, akarudia mzunguko wa pili. Kisha akaweka kijiti chini, akaukunja mpira kwa vidole gumba viwili, ukajipindua nje ndani hadi mwisho wa bomba.

Chuma kilikuwa cheupe, hakina kutu. Palikuwa na mstari mmoja wa penseli, herufi ndogo mno, zilizoandikwa na mtu mwenye haraka.

Kuramochi alisogeza simu. Alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea tarehe na majina, mwaka 1981 ukiwa umeandikwa kwa hesabu ya mfalme.

"Mwaka wa hamsini na sita wa Showa, mwezi wa kumi, tarehe thelathini. Ebihara. Tsukuda hakuchoma."

Mvua ilisikika juu ya bafu. Shirota alikuwa ameinamia kaunta bila kujijua, viatu vimening'inia mkononi, anayasoma maneno yenyewe. Macho yake yalirudi mwanzo wa mstari, yakasoma tena.

"Ni mwandiko wangu," alisema Ebihara. "Katika zote zile, Iwamuro alichukua yangu. Akaifunga kwenye kitambaa, akawapelekea polisi kwa mkono wake mwenyewe. Ilikaa mezani mbele ya jaji kesi nzima. Tsukuda aliiona kila siku, kwa mbali mno kusoma nambari."

Aliukunjua mpira sentimita moja tu, kulinda maandishi, akauacha hapo. Akasukuma kijiti pembeni, akafungua tena droo, chini kabisa, akatoa kijaluba kidogo chenye muhuri wa jina lake, ule wa kutia sahihi, na kidau cha wino mwekundu.

"Saa nane na nusu," alisema. "Saa tisa nafungua mlango, na tisa na nusu Bibi Kishi atakuja. Kabla hajaja nataka niwe nimemaliza. Andika kuanzia Aprili, Bi Kuramochi. Halafu nionyeshe pa kugonga."